Mkanda wa Cherehani Uko Kiunoni Mwangu

Chumba cha mbele, kando ya cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni,

Hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Na huyo mdogo, ameshaota meno au bado anawatafuna kwa ufizi? Sisi huku wazima. Miguu yangu inauma kama kawaida yake, lakini mdomo haujambo, utauona mwenyewe humu ndani.

Naandika kwa mkono wangu. Shule niliiona kwa mbali, hilo unalijua, kwa hiyo herufi zikipanda na kushuka usinicheke. Wangapi wamesoma mpaka vichwa vimetoka upara na bado hawawaandikii bibi zao? Sitaji mtu.

Kwanza nikutue mzigo. Mama yako mzima. Kidole kimepona, kucha mpya inachomoza, na hivi ninavyoandika amelala kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga. Najua jirani yetu Redio alikupigia simu kukwambia sindano imepita mkono mzima na mama yako yu hoi. Huyo akiona mtu anapiga chafya, anatangaza msiba. Nimeshamwambia yangu, na kwa sasa akinisalimia anasimama mbali.

Ukweli ni huu. Mama yako alipewa kazi ya kushona pazia la jukwaa katika ule ukumbi mpya wa mji. Pazia la mahameli nyekundu, zito, refu kupita nyumba hii, na chini limekatwa mawimbi. Hajawahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Msimamizi wa ukumbi alimwambia wazi kwamba likipendeza, kazi zote za ukumbi ni zake. Likiharibika, atatafutwa fundi mwingine, na yeye hapewi kitambaa kingine cha kujaribu tena. Basi mwanangu akapagawa. Alikula chakula kimewekwa juu ya meza ya cherehani, akanywa chai iliyopoa yenye nyuzi ndani. Mimi nikisema pumzika, yeye anasema, “Mama, nikimaliza.” Nikimaliza, nikimaliza! Kazi ya fundi inaisha lini? Watu wataacha kuvaa nguo?

Sasa sikiliza kilichompata. Mahameli ina vinywele vyake, na vinalala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukivitazama kuanzia huku vinang’aa, kuanzia kule vinafifia. Mama yako anajua hayo tangu akiwa binti. Lakini kwa uchovu, katikati ya kukata aligeuza kitambaa, nusu ya vipande vikakatwa kichwa chini. Akaviunga vyote bila kuona. Tulipolitandaza uani mchana tukatazamana. Pazia lilikuwa na mabaka kama mbwa mwenye ukurutu. Na kuvigeuza vipande haiwezekani, maana yale mawimbi ya chini yangehamia juu.

Mwingine angekaa chini alie kidogo. Mama yako akarudi kwenye cherehani, akaanza kufumua kwa pupa na kushona tena bila kujua anashona nini. Ndipo sindano ikampata kidole. Muuguzi wa zahanati akamtoa kipande cha sindano, akamfunga bandeji, akamwambia apumzike. Tumefika nyumbani, sijavua hata viatu, nasikia cherehani inalia. Ameshaketi, kidole kimesimama kama mshumaa, anakanyaga!

Nikasubiri aende msalani. Nikauchomoa ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, nikaufunga kiunoni mwangu chini ya gauni. Nikaketi.

Alitafuta mkanda mpaka chini ya kitanda changu. Akamsingizia panya. Nikamwambia panya wa nyumba hii wana akili, wameona unataka kujiua. Akanitazama. Akaniuliza, “Mama, unao wewe?” Nikamwambia, “Ninao. Njoo uuchukue.” Mtu mzima yule, ana mjukuu, akapiga mguu chini kama alivyokuwa akifanya akinyimwa sukari. Akasema ninamharibia jina mjini. Nikamwambia jina nilimpa mimi, na nitalilinda mimi. Nenda kalale.

Alilala, mume wangu. Alilala kama mtu aliyekuwa anadaiwa usingizi na nchi nzima. Aliamka, akala, akalala tena. Msimamizi wa ukumbi alikuja kuuliza pazia, nikamkuta mlangoni, nikamwambia fundi yuko kazini. Akachungulia, akasikia kukoroma. “Hiyo ndiyo kazi yenyewe?” akaniuliza. Nikamjibu, “Hiyo ndiyo sehemu ngumu.” Akaondoka akitikisa kichwa. Nisikufiche, hapo roho yangu ilikuwa mkononi. Nilijua mtoto lazima apumzike, lakini pazia nalo lilikuwa limelala pale kwenye kona likinitazama, na mimi sina dawa ya pazia. Nilikuwa na mkanda tu.

Alipokwisha kushiba usingizi, akaanza kuchoka kwa kukaa bure. Nikamnyima hata kuchambua mchele. Akaketi kizingitini, jua la asubuhi linampiga magotini, kipande cha mahameli kilichobaki kwenye kukata kiko mapajani mwake. Akawa anakipapasa tu, hivi na hivi, kama mtoto anayechora kwenye vumbi. Anapitisha kidole juu, mstari unang’aa. Anapitisha chini, mstari unafifia. Mara akaacha. Akarudia polepole. Akakiinua mbele ya jua.

Akaniita, “Mama.”

Nikaitika, “Nini tena?”

“Sio mabaka. Ni mistari. Kosa langu nimelishona ovyo ovyo, ndiyo maana linaonekana kosa. Nikivipanga vipande kwa zamu, kinachong’aa, kinachofifia, kinachong’aa, kinachofifia...” Akasimama. “Leta mkanda.”

Nikamwambia amalize uji kwanza. Akaumaliza kwa kuugugumia, macho yananikodolea kiunoni. Nikaufungua, nikampa.

Safari hii hakukimbia. Nilimwona kwa macho yangu: anashona kipande kimoja, anasimama, anakitazama kwenye mwanga, anajinyoosha mgongo, anarudi. Jua likizama anafunika cherehani. Na kazi ikaenda upesi kuliko zile siku za kukesha, maana hakukuwa na cha kufumua. Sielewi hesabu yake, lakini niliiona.

Siku ya kufungua ukumbi nilivaa gauni langu la kijani na kukaa mbele. Pazia lilikuwa limefungwa, taa zikaliangukia. Likavutwa. Mjukuu wangu, lile pazia lilitembea kama maji! Mwanga unapita kutoka mstari hadi mstari, watu wakasema “aaah” kabla hata mwimbaji hajatokea. Mwimbaji mwenyewe alitoka akageuka kulitazama, akasahau kuanza. Msimamizi akaja kutuuliza, ni wapi fundi alijifunza mtindo ule. Mama yako akafungua mdomo aseme ukweli, nikamkanyaga mguu. Nikasema, “Kizingitini kwetu.” Kazi zote za ukumbi amepewa.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu nikacheka peke yangu. Kifua changu kilikuwa kimebana muda mrefu, nikadhani ni uzee. Kumbe ni pazia.

Sasa tuna sheria. Kila siku baada ya chakula cha mchana mkanda unatoka kwenye cherehani unakuja kwangu. Mwanzoni alinuna. Siku hizi anauleta mwenyewe. Na akiamka anakuja na mambo: mara kola ya mtindo mpya, mara mfuko wa gauni unaojificha kwenye mshono. Zamani alikuwa anashona gauni lile lile kwa kila mwanamke, bibi harusi na mfiwa.

Haya, zamu yako. Ulidhani nimekuandikia kukupa habari tu? Mama yako amenieleza kwamba huko kwenye ofisi yenu ya kuchora nyumba unakula umesimama, na Jumapili unabeba kazi mpaka kitandani. Amenieleza pia kwamba ulichora nyumba nzima, vyumba, ngazi, baraza, na choo kisicho na mlango. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wenye nyumba wangeingilia wapi, dirishani? Halafu nikaacha kucheka. Mama yako aligeuza kitambaa, wewe ukasahau mlango. Ugonjwa ni mmoja, na wewe uko mbali na kiuno changu.

Kwa hiyo mke mwenzangu asome hapa. Dada, ile kompyuta yake ina waya. Akishakula mchana siku ya mapumziko, uchomoe, uufunge kiunoni, uketi. Akipiga mguu chini, usiogope, ni urithi. Akisema “nikimaliza”, mwambie bibi amesema nyumba nzuri zinachorwa na watu waliolala.

Nisalimie mjomba wako Kiraka akipita huko. Mwambie shati alilochukua kwangu nalikumbuka. Shangazi yako anawasalimu, na Redio pia anawasalimu, kutoka mbali. Mbusu huyo wa ufizi. Mungu awape kazi, na awape kuiacha ikifika saa yake.

Mama yako ameamka. Amesimama mbele yangu, nywele zimelala upande mmoja kama mahameli, ananyoosha mkono anadai mkanda. Anasema amepata wazo la ukingo wa pazia la dirisha. Nimemwambia barua haijaisha, na mkanda hautoki hapa mpaka niweke jina. Ameketi tena. Ninaliandika polepole.

Wako akupendaye na asiyekuogopa,
Bibi yako, mkeo wa kwanza.