Nyaya za Rangi Sokoni Hombolo

Dada Zawadi, shikamoo. Huku Hombolo jua kali na vumbi tele, ila zabibu zake ni tamu ajabu.

Leo asubuhi nilikuwa sokoni nikiokota vifuniko vya soda na vipande vya mitumba vya kubandika kwenye picha zangu. Mwanamume mmoja akanivuta pembeni, akafungua gunia. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba za kila rangi, nzuri mno! Lakini ncha zake ziling'aa kama zimekatwa jana, naye kila mara aligeuka kutazama nyuma.

"Umezitoa wapi, kaka?"

"Wewe nunua tu, dada. Siku hizi biashara huria."

Nilizitamani, ila roho ikakataa. Nikaenda posta niwapigie simu. Karani akasema simu zimekufa tangu jana, kuna mtu kakata nyaya. Nilipomweleza niliyoyaona, akaukazia macho mfuko wangu.

"Na wewe humo umebeba nini?"

Ikabidi nimwage takataka zangu zote mezani pake, watu wakitazama. Alipekua hadi kifuniko cha mwisho, ndipo akaniuzia kadi hii, bado akininunia.

Nimewakumbuka sana. Mwambie mama kimya changu si ugonjwa, ni nyaya.

Mdogo wako,
Neema