Wanawake Kumi na Mumoja wa Kashebere

Nyabiondo, tarehe 2 Juni

Kwako Mama mudogo Chantal,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta muzima, na kwamba muguu haukusumbui tena. Huku Mama iko vizuri, nami pia, ila mvua imetuchosha.

Nina jambo la kukuomba, na naona haya. Wamama wa chama wamevuna mifuko kumi na mine ya maharagi. Musimu uliopita watu wengi wa Kashebere walikuuliza maharagi pale barabarani unapouza mandazi, lakini hakuna aliyekumbuka nani aliuliza nini, kisha kamyo ya wachuuzi wa Hombo ikabeba yote. Sasa mimi na Prof Jean-Marie wa shule yetu tunajenga mupango kwenye mutandao. Kila muntu anayeuliza ataandikwa, halafu tutamufuata hatua kwa hatua: ameuliza, amepika kionjo, ametaja siku, amenunua. Nimechora yote katika kaye, daftari langu la shule, kurasa tisa. Kanuni ya nne njo ninayoipenda zaidi: numero moja ya simu, muntu mumoja, ili asiandikwe mara mbili.

Utaandika watu huko kwa ajili yangu? Ukurasa unafunguka kwa simu yoyote yenye mutandao. Anwani yake iko nyuma ya barua. Sebarenzi wa moto, yule wa pikipiki, anakuletea na kifuko cha maharagi ya kionjo, maana najua hakuna anayenunua kabla ya kupika kidogo kwake na kuona kama yanaiva haraka.

Mama alinitetea mbele ya chama chote. Tarehe 22 wamama wataamua: kufuata mupango wangu, ao kuipa kamyo maharagi yote tena.

Mutoto wako,
Gaëlle

Kashebere, tarehe 8 Juni

Kwako mutoto wangu Gaëlle,

Jambo, mama. Barua ilifika imelowa, lakini niliisoma yote. Muguu uko palepale, unauma vizuri tu. Musalimie dada yangu.

Sijaelewa kitu. Muntu hajanunua, unamuandika wa nini? Jirani yangu Mama Anne alicheka mpaka akakaa chini: "Chantal, sasa unaandika njaa za watu?" Nikamujibu, "Nyamaza. Iko kazi ya mutoto wa dada yangu, na amekushinda akili."

Simu yangu ilikufa tangu Pasaka. Basi nilikwenda kwa Papa Byamungu, yule anayechajisha simu za watu. Simu yake inaona mutandao. Mimi nasema, yeye anaandika. Tumeshaweka wanawake kumi na mumoja, na kila mara ukurasa unajibu "imehifadhiwa." Lakini mbona unauliza maswali kama polisi? Bila numero unakataa kuendelea! Kila mumoja nimemupa kionjo chake, na wengine wamesharudi kusema yanaiva.

Mama mudogo wako,
Chantal

Nyabiondo, tarehe 14 Juni

Kwako Mama mudogo,

Jambo. Natumaini umeamka salama. Sisi ni wazima, lakini kichwa changu kimevurugika.

Ninafungua ukurasa kila Jumamosi kwa Prof. Jumamosi iliyopita niliona Mama Anne peke yake. Leo Mama Anne hayuko tena, iko Dorothée peke yake. Muntu mumoja! Nimezima ordinateur, ile kompyuta yake, na kuiwasha mara tatu. Prof anasema mashine inaonyesha tu kile ilichopewa. Nimesoma tena kurasa zangu tisa na sioni kosa.

Wamama wananiuliza njiani, "Gaëlle, wale watu wako wako wapi?"

Usikasirike, nakuuliza tu: ni kweli walikuwa kumi na mumoja, ao ulitaka kunifurahisha? Tafadhali niandikie majina na numero kwenye karatasi, zifike kabla ya tarehe 22.

Mutoto wako,
Gaëlle

Kashebere, tarehe 19 Juni

Gaëlle,

Jambo. Niko.

Sijawahi kumudanganya muntu kwa ajili ya kumufurahisha, hata baba yako siku ya harusi yake. Karatasi ya majina iko ndani. Papa Byamungu ameandika numero kwa mukono wake mwenyewe, mara kumi na moja, akilalamika.

Sijui kwa nini unauliza numero zao. Wote wanaitwa kwa simu ya Papa Byamungu, nani asiyejua? Simu ikilia, anatoka barabarani na kupiga kelele, "Mama Anne, mukwe wako!" na Kashebere yote inajua mukwe anataka nini.

Chantal

Nyabiondo, tarehe 23 Juni

Kwako Mama mudogo wangu mupendwa,

Jambo na heshima. Sistahili kukuuliza habari za muguu, lakini nauliza.

Barua yako ilinifikia jana kwenye mulango wa kanisa. Nilifungua karatasi: majina kumi na moja, numero moja. Kanuni ya nne! Niliiambia mashine kwamba numero moja ni muntu mumoja, basi kila mwanamuke aliyeingia alimufuta aliyemutangulia. Nilidhani kila muntu ana simu yake. Hata sisi nyumbani tunaitwa kwa simu ya Prof, na sikufikiri.

Kwenye mukutano dereva wa kamyo alikuwa ameshakaa nje. Mama Valens, musimamizi wetu, alisema, "Mashine inasema muntu mumoja. Tumalize." Nilisimama. Unajua mimi hata darasani sinyooshi mukono. Nilisema, "Kosa si la mashine, wala la Mama mudogo. Ni langu," kisha nikasoma majina yote. Nilipofika kwa Dorothée, Mama Mukashema alipiga kelele, "Si yule mushonaji? Nilisoma naye!" Mwingine akamujua Muhawenimana katika majina yale. Ilikuwa vurugu.

Mwishowe wamama waliamua: kamyo imepewa mifuko mine. Kumi inakuja kwako Alhamisi, kwa moto ya Sebarenzi, safari kwa safari. Wasipokuja hao wanawake, sijui nitapita wapi kwa haya.

Kanuni ya nne nimeifuta. Sasa ukurasa unauliza: jina, ni mama ya nani, anakaa wapi. Numero, ikiwa iko.

Nisamehe kwa lile swali.

Mutoto wako,
Gaëlle

Kashebere, tarehe 29 Juni

Kwako mutoto wangu,

Jambo sana, mama. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nilikuwa na mandazi ya kukaanga.

Alhamisi Papa Byamungu aliwaita tangu asubuhi, jina kwa jina, mpaka sauti ikakauka. Walikuja kumi; wa kumi na mumoja alifiwa, amemutuma dada yake. Mama Anne alisema maharagi yenu yanachelewa kuiva, halafu akabeba mufuko muzima. Ilibaki nusu mufuko.

Sasa ongeza wa kumi na mbili. Alikaa kando ya ile nusu mufuko mpaka watu wote walipoondoka, ndipo akaniambia kwamba wiki hizi zote ameita watu kwa ajili ya maharagi, na hakuna aliyemuuliza kama yeye anakula. Nimemupa kionjo. Andika: Byamungu, baba ya Yves, anakaa palepale penye simu za watu. Hatua: ameuliza.

Numero yake unaijua.

Mama mudogo wako,
Chantal