Flashi za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Mashine inanitia wazimu. Wiki ya pili sasa! Naweka kipande cha retina ya panya, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwenye kisahani, nazima taa, nafungua spika inayogeuza umeme wa seli kuwa sauti, nisikilize — na badala ya seli kunijibu ninapomulika, kuna mdundo tu. Tuk-tuk-tuk. Kimya. Tuk-tuk-tuk. Gizani kabisa, hakuna wa kuzichokoza, na bado zinapiga kelele.

Panya wenyewe ni wale wagonjwa. Wamezaliwa na kasoro inayoua seli za mwanga polepole, zile zinazopokea mwanga wa kwanza. Swali letu ni moja: zikishakufa, seli za kutuma, zile zinazopeleka habari kwenye ubongo, zinabaki zikifanya nini? Nilitegemea kimya. Mkubwa — ndiye profesa wetu, na ukubwa wake anaujua — amesema huo ni umeme wa ukutani unaoingia kwenye waya. Nisafishe grafu, ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi.

Waya zote nimebadilisha. Fundi umeme alikuja, akakuna kichwa, akaondoka na bisibisi yangu.

Jioni simu kutoka kwa Filimbi, jina tulilompa kwa urefa wake. Mdogo wangu amechaguliwa kuchezesha fainali ya ligi ya mji! Miaka yote ya kutukanwa kwenye viwanja vya vumbi, leo fainali. Nimeruka peke yangu jikoni. Yeye ana lalamiko moja tu: mashabiki wa siku hizi hawana adabu, wanampiga flashi za simu upande wa kushoto mpaka mchezo unampotea. Nikamwambia, umekuwa staa, vumilia.

Jumatano, 5 Juni

Kelele ile ile. Nimeizungushia meza karatasi ya foili ya jikoni, kuzuia huo umeme wa ukutani. Inang'aa vizuri. Haijasaidia kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Chakula cha jioni kwa Filimbi. Wifi yangu hakuniacha hata nivue viatu. Eti nimchukue ndugu yangu nikampime, maana mwezi huu amevunja glasi tatu na beseni moja. Filimbi akacheka, akasema tatizo ni mkewe anayepanga vitu njiani. Wote tukacheka. Mimi nikaweka glasi ya maji mkono wake wa kushoto, akainua kiwiko kuchukua chumvi — chini!

Wifi hakupandisha hata sauti. "Nne," akasema.

Wakati wa kuondoka Filimbi amenisindikiza mpaka getini. Taa ya uani imeungua. Njia nzima alikuwa ameweka kiganja ukutani. Nilidhani amechoka.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kumtazama akichezesha mechi ya kirafiki, ya kujinoa kabla ya fainali. Nilikaa na wifi pembeni mwa uwanja, upande wa kushoto. Jua kali.

Mpira ukiwa mbele yake, hakuna refa kama yeye. Anakimbia vizuri, anaongea na wachezaji, hana majivuno. Halafu beki akampiga mpinzani kiwiko cha mdomo, karibu kabisa na Filimbi, kushoto kwake. Jamaa yuko chini anatema damu. Filimbi anatazama mbele, anapunga mkono mchezo uendelee.

"Refa kipofu!" Uwanja mzima. Naye, kama kawaida yake, akainua mkono kuwashukuru. Watu wakavunjika mbavu. Kila refa huitwa kipofu, ndiyo sehemu ya kazi. Nani angefikiria?

Mapumziko akaja kwetu amefura. Anataka niwaambie hao walioko nyuma yangu wazime flashi zao. Nikageuka. Nyuma yangu kuna ukuta. Chini ya ukuta mzee mmoja amelala, kofia usoni. Basi!

Nikamuuliza wifi kama ameona flashi. Flashi gani na jua lote hili, akasema, akaendelea kumenya chungwa.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa. Mechi ilipoisha Filimbi akawasha pikipiki, wifi akapanda nyuma, wakaondoka na jua linakaribia kuzama. Niliwaacha waende. Ningesema nini? Nilikuwa sijajipanga.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika maabara kabla ya mlinzi hajamaliza chai yake. Safari hii nimechukua panya mzima, asiye na ugonjwa. Meza ile ile, waya zile zile, foili ile ile ya aibu. Nikazima taa.

Tak. Kimya. Tak... tak. Hakuna mdundo.

Nikamulika. Seli moja ikafyatuka papo hapo: tatatatata! Ya jirani yake ikanyamaza, ikasubiri. Nilipozima, ndiyo ikasema. Zimegawana kazi, zingine zinatangaza mwanga kuja, zingine zinatangaza mwanga kuondoka. Safi kabisa. Kwa hiyo mashine haina kosa, na umeme wa ukutani hauna kosa. Kelele ni za seli zenyewe.

Ngoja niandike polepole, kwa sababu itabidi nimweleze mtu asiyependa mihadhara.

Jicho halipeleki picha kichwani. Seli za mwanga ziko zaidi ya milioni mia kwa kila jicho, na nyuzi za kwenda kwenye ubongo hazizidi sana milioni moja. Haiwezekani kupeleka yote. Kwa hiyo katikati kuna seli zinazopunguza, zinazolinganisha huyu na jirani yake, zinazotupa kisichobadilika. Kinachotumwa ni muhtasari, kama ripoti ya refa: dakika fulani, kadi, bao. Hakuna anayeandika kwamba nyasi zilikuwa kijani muda wote. Na kitu ambacho wanafunzi wangu huwa hawakiamini ni kwamba seli za mwanga humwaga kemikali yao kwa wingi gizani. Mwanga ukija, zinapunguza. Kwa hiyo jicho likiwa gizani linaongea bado.

Sasa seli za mwanga zikifa, zile za katikati hazina wa kumsikiliza. Zinaanza kuchokozana zenyewe. Seli za kutuma zinapokea fujo hiyo na kuituma kama habari, maana kazi yao ni kutuma. Ubongo nao haujui. Tangu mtu azaliwe, chochote kilichopita kwenye nyuzi hizo kilikuwa mwanga. Basi ubongo unasema: mwanga!

Flashi za simu. Upande wa kushoto.

Mkubwa alisikiliza panya wote wawili, mzima na mgonjwa. Akavua miwani. Akasema, basi usifute. Kwa Mkubwa hiyo ni hotuba.

Alipoondoka nilijifungia kwenye chumba cha giza, nikakaa, nikatafuta cheche pembeni mwa macho yangu. Tumezaliwa tumbo moja, ugonjwa huu ni wa kurithi. Sikuona kitu. Nikafurahi. Halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Jumanne, 11 Juni

Nimemfuata Filimbi dukani kwake. Anauza misumari, rangi, mabomba. Wifi alikuwepo anahesabu vitasa. Nikamweleza yote, nilivyojizoeza. Alisubiri mpaka mwisho, adabu anayo. Kisha akaniambia, "Dada, nakuheshimu sana. Lakini mimi si panya."

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Na mimi pia, ukweli.

Nikamwambia anitazame puani, asigeuze kichwa. Nikainua vidole viwili pembeni, nikawa navileta mbele taratibu. Aseme akiviona. Upande wa kulia alichelewa. Upande wa kushoto nilileta, nikaleta, nikafika karibu na shavu lake. Wifi aliacha kucheka kwanza. Filimbi bado ananitazama puani, anasubiri.

"Anza basi," akasema.

Niliviacha vidole palepale. Akageuza macho, akaviona vidole vyangu pale vilipokuwa. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Wifi alichukua ufunguo wa pikipiki mezani, akautia kifuani. Hakuna aliyebisha. Hospitali Alhamisi.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki ya macho, foleni mpaka kwenye ngazi. Walimwekea dawa ya matone, wakamwingiza kwenye ile mashine ya bakuli jeupe: unatazama katikati, ukiona nukta ya mwanga unabonyeza. Mimi nilisimama mlangoni. Filimbi alibonyeza sana. Mno!

Mpimaji akatoka na karatasi, amekunja uso. Anadai mgonjwa anabahatisha, anabonyeza hata pale mashine haikuonyesha chochote. Kama anataka cheti cha udereva aseme.

Sijawahi kumwona mdogo wangu amekasirika vile, hata siku walipomtupia chupa uwanjani. "Niliona!" akasema. "Sidanganyi mtu hapa. Niliona!"

Aliona kweli. Nikamweleza mpimaji, nikamweleza na daktari. Daktari ni mama mtaratibu, hana maneno mengi. Alimwangalia ndani ya macho muda mrefu. Kuna madoa meusi pembeni, macho yote mawili, la kushoto zaidi. Seli za usiku na za pembeni zinakufa. Katikati pako sawa, na panaweza kukaa hivyo miaka. Dawa ya kurudisha zilizokufa hana. Pikipiki mwisho, kuanzia leo. Watampima tena, na watoto wake waletwe, na dada pia.

Filimbi alikuwa na swali moja, la fainali ya Jumamosi. Daktari akasema kuhusu kuchezesha mpira yeye si wa kuamua, lakini jua likishuka hataona, hilo ajue.

Tulirudi kwa teksi, mimi na Filimbi. Alikuwa amenishika mkono. Tangu tuko wadogo hajanishika mkono.

Ijumaa, 14 Juni

Amekuja maabara bila kuniambia. Wifi amemleta kwa basi. Anataka kusikia.

Nikamkalisha, nikazima taa, nikafungua spika. Tuk-tuk-tuk. Kimya. Tuk-tuk-tuk. Alisikiliza kama anavyosikiliza mpira redioni, kichwa upande.

"Ndizo zangu hizi?"

"Za panya."

"Najua za panya. Zangu zinasema hivi?"

"Nadhani hivi hivi."

"Na hakuna anayezipa habari."

"Hakuna."

Akaegemea upande wa spika. "Masikini," akasema, "zinaendelea na kazi tu."

Nimelia gizani, hakuniona. Gizani yeye haoni kitu, na mara hii ilinisaidia.

Tumepatana. Fainali ni saa kumi, itaisha jua bado lipo. Atageuza kichwa kama nilivyomfundisha, kulia, kushoto, kila wakati. Siku hiyo moja tu, halafu anaandika barua ya kuacha mwenyewe. Kuna refa wa akiba. Flashi zikizidi, au mwanga ukipungua, anakuja pembeni nilipokaa anampa yule filimbi. Ameapa mbele ya wifi.

Namba ya chama cha marefa ninayo. Nimeishika simu mara kadhaa. Sijapiga. Mtu akiumia kesho, nitasema nini?

Jumamosi, 15 Juni

Niko uwanjani. Benchi la kushoto, karibu na refa wa akiba, kijana mpole anayenyoosha misuli. Nimevaa blauzi ya njano, ya kuonekana. Wifi amekwenda kutafuta maji. Naandika ili muda upite.

Mgeni rasmi amechelewa! Wamemsubiri, wamemsubiri, halafu hotuba, halafu kusalimiana na mchezaji mmoja mmoja. Saa kumi na moja ndiyo mpira unaanza.

Mapumziko. Bila bila. Anachezesha vizuri, jamani! Anageuza kichwa kama kuku, watu wanamcheka, lakini rafu ya kwanza upande wa kushoto ameiona. Kadi ya njano. Hakuna aliyemwita kipofu. Nimepiga makofi mpaka mikono inauma.

Bao moja kwa moja. Wamesawazisha dakika za mwisho. Uwanja umechafuka kwa furaha, na mimi peke yangu nimekunja uso. Sare maana yake dakika za nyongeza. Jua limeshuka nyuma ya ukuta. Nyasi zimekuwa za kijivu. Hakuna taa hapa.

Dakika tisini zimekwisha. Wachezaji wamelala chini wanakandwa miguu. Refa wa akiba amevua koti. Nimemwambia akae tayari, hakuuliza kwa nini.

Filimbi anakuja. Ameacha katikati ya uwanja, anakuja huku kwetu, filimbi mkononi. Anatembea polepole, anapima chini kwa mguu. Kuna mtu amemtania, amecheka naye. Anageuza kichwa, kulia, kushoto. Sijui kama ni kuja kuitoa filimbi, au ni kuja kuniambia anaona vizuri nisiwe na wasiwasi. Nahofia anaweza kuniambia hivyo na nikamwamini.

Amefika kwenye mstari. Amesimama. Niko kushoto kwake, hatua mbili, na blauzi yangu ya njano.

"Dada?" anaita. Anatazama kule nisiko. "Dada, umekaa wapi?"

Refa wa akiba ananiangalia mimi. Anangoja nijibu.