Hatua za Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Hospitali tena. Wiki ya sita tangu moyo wangu ugome. Binti wa mazoezi – namwita Kepteni, maana kazi yake kuamrisha – kanifunga kidude cha kuhesabu hatua kwenye kifundo cha mguu. Nusu saa kila siku, mwendo wa kutoa jasho. Nikamwambia moyo ukiuma unapumzishwa. Akasema siyo moyo peke yake, baba. Moyo ukisukuma damu kivivu, ubongo nao unakaa na njaa. Kutembea kunaulisha.

Ubongo! Nani kamwambia ubongo wangu una njaa? Mke wangu, nani mwingine. Kamsimulia ile suti.

Alhamisi, 6 Machi

Ile suti. Naiandika mara moja tu, basi.

Miaka thelathini na minane ya ushonaji sijaandika kipimo cha mtu. Napima, nakariri, nakata. Wateja walikuwa wakinijaribu: fundi, mwaka juzi kiuno changu kilikuwa ngapi? Nawatajia, na kuwaambia wamenenepa. Wiki mbili zilizopita nimemkatia mwalimu mkuu suti kwa vipimo vya marehemu kaka yake. Mikono ilimfika karibu na viwiko. Kajitazama kwenye kioo, hakucheka. Kanishika bega. Heri angenitukana!

Mdogo wangu, tunayeshirikiana naye duka, kaniletea daftari la vipimo. Kaliweka juu ya meza ya kukatia, akabaki ameishika meza. Namjua. Anaimezea mate siku nyingi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetembea siku tatu. Mtaa mzima unanipa pole. Muuza viatu anapaza sauti: fundi, taratibu! Mwanafunzi kanipisha njia kama anapisha jeneza. Sitoki tena.

Na sina haja! Leo nimekaa kwenye cherehani yangu ya nyumbani, nakanyaga, kidude kinahesabu. Kifundo kinapanda, kinashuka – hatua. Suruali moja, hatua elfu mbili! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kachungulia. Asubuhi yeye huwa sokoni; atadhani natembea wakati huo.

Ijumaa, 28 Machi

Kepteni kanisifu mbele ya wagonjwa wote. Hatua elfu tisa kwa siku! Dereva wa lori, aliyepasuliwa kifua, anahema ukumbini na fulana imelowa. Kaambiwa aige mfano wangu.

Kisha yale maneno matano ya kupima kumbukumbu. Unasomewa, mnazungumza habari nyingine, halafu unayarudia. Dereva kataja manne. Mara ya kwanza alitaja mawili. Mimi nilianza na matatu. Leo mawili.

Bahati yake tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Neno moja tu. Ndoo. Mengine yamekwenda wapi sijui.

Daktari katazama karatasi zangu muda mrefu. Kisha kamwambia mke wangu – mke wangu, siyo mimi, na mimi nimekaa hapo hapo! – kwamba wagonjwa wa moyo wanaotembea kiasi hiki, wengi akili zao huanza kuchangamka. Kama kwangu mazoezi hayasaidii, huenda tatizo siyo damu tu. Huenda ubongo wenyewe unachakaa. Nisishike mkasi. Nisiachwe peke yangu.

Nilikuwa na la kusema. Kepteni alikuwa kasimama pale, karatasi ya hatua zangu mkononi. Aibu ikanifunga mdomo. Mpumbavu mimi!

Jumanne, 15 Aprili

Mdogo wangu kaja asubuhi na mkokoteni. Kabeba cherehani. Upumzike, kaka. Na meza ya kukatia kule dukani keshaihamishia upande wake, nimeambiwa.

Mchana nikawaita mke wangu na binti yetu, nikasema yote. Sitembei. Tangu mwezi uliopita sitembei. Kidude kilikuwa kinahesabu cherehani. Dawa haijashindwa, ni mimi sijainywa!

Binti yangu akamtazama mama yake. Akaniuliza kwa sauti ya kubembelezea mtoto: baba, ulitembeaje na cherehani? Nikasema nitawaonyesha sasa hivi, nikainuka. Kuonyesha kwa cherehani ipi? Mke wangu akaanza kulia. Baadaye namsikia kwenye simu na Kepteni: ndiyo, sasa ameanza kuchanganya mambo.

Nimedanganya mwezi mzima nikaaminiwa. Nimesema kweli siku moja!

Jumatano, 16 Aprili

Saa moja asubuhi. Nimevaa viatu. Nusu saa, mwendo wa kutoa jasho – leo kweli, na mtaa unipe pole mpaka uchoke. Mlango umefungwa. Ufunguo hauko mahali pake.

Mke wangu katoka jikoni. Unakwenda wapi? Kutembea. Akanikalisha, akanifuta uso kwa kiganja. Umetembea vya kutosha, mume wangu, anasema. Mbona umetembea sana.

Naandika huku kapiga magoti mbele yangu, anafungua kamba za viatu. Cha kushoto keshakivua. Cha kulia nimekirudisha nyuma, chini ya kiti, mguu ukiwa ndani, na yeye anauvuta taratibu, anasema lete, lete huo mguu, na mimi