Maelezo Kuhusu Mgongo Utakaosagwa Kesho

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kwa afisa wa kike katika chumba cha malalamiko ya wanawake na watoto, mlango ukiwa umefungwa kwa ombi la shahidi.

Jina: Limehifadhiwa. Kazini anaitwa Foleni.
Umri: Miaka 23.
Kazi: Karani wa mapokezi, kliniki ya ngozi.
Makazi: Anaishi na bibi yake mzaa mama. Mtaa umehifadhiwa.

Afande, kabla sijasema lolote naomba uandike hili kwanza, tena juu kabisa, ili kila atakayeshika karatasi hizi alione: ninayoyaeleza hapa yasisomwe kwa sauti, yasizungumzwe koridoni, wala yasitajwe kwenye simu kwa mwenzenu wa kituo kingine, hata kama ni rafiki yako. Hasa wa kituo kingine. Sababu nitaieleza nikifika mahali pake. Umesema umeandika, na nimeona umeandika, basi naendelea.

Kazi yangu ni kupokea wagonjwa, kupokea simu na kupanga foleni, ndiyo maana hata Daktari ananiita hivyo. Kuna jukumu jingine dogo. Daktari wetu ni mwanaume, kwa hiyo akimpima mwanamke anayevua nguo, mimi au Sista lazima tuwemo chumbani. Hivyo ndivyo nilivyouona mgongo ninaokuja kuueleza.

Wanaokuja kwetu wana makovu ya chunusi, ya ajali, ya upasuaji, na wengine wana vinundu na mabaka. Daktari hutia ganzi, kisha huchukua mashine ndogo ya kushika mkononi, yenye kigurudumu kikali kinachozunguka kwa kasi, na kukwangua tabaka la juu la ngozi. Ngozi mpya ikiota, kovu hulainika. Sisi pale tunaita kusaga. Mlio wake unafanana na wa mashine ya daktari wa meno. Sisemi kazi hiyo ni mbaya. Nimeona kijana aliyekuwa akitembea na mkono shavuni amerudi anacheka, akajipiga picha mbele ya meza yangu mpaka nikamwambia apishe wenzake.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, aliingia mwanamke wa makamo, amependeza, ananukia vizuri, akiwa na binti wa miaka kumi na tano hivi. Alisema yeye ni shangazi yake. Ni mcheshi sana. Alinisogelea akasema, "Wewe ndiye Foleni? Mbona umekonda hivyo, au foleni yenyewe haina watu?" Benchi zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Binti hakucheka. Alikaa ukingoni mwa benchi, mgongo umenyooka, haegemei, nami nikadhani ni adabu tu.

Chumbani Shangazi alimwambia Daktari kwamba binti alimwagikiwa na maji ya moto akiwa mdogo. Alisema mama yake mzazi, anayefanya kazi nje ya nchi, anarudi mwezi ujao. "Nataka wifi yangu amkute mtoto wake anang'aa." Binti aliambiwa ageuke. Sista akamfungua zipu.

Afande, maji ya moto yakimwagika hutiririka. Hayana ncha. Mgongoni mwa yule mtoto kulikuwa na makovu matatu yenye umbo moja: chini pana, pande mbili zimepanda zikakutana kwenye ncha. Moja lilielekea shingoni, jingine ubavuni, na la tatu lilikuwa limelalia lile la ubavuni. Hilo la tatu lilikuwa bado jekundu, linang'aa, halijakomaa. Halikuwa la utotoni. Mimi napiga pasi sare yangu kila asubuhi. Nilijua ninachokitazama. Nilimwangalia Sista, naye akaangalia dirishani.

Kwetu kila kovu hupigwa picha kabla ya kusagwa, ili baadaye mgonjwa aone tofauti. Nilikuwa nimeshashika kamera. Shangazi akaweka kiganja mbele yake.

"Picha za mtoto wa kike, mgongo wazi, za nini tena, Daktari? Kesho zinazunguka kwenye simu za watu."

Daktari akasema sawa, tuache. Tangu nianze kazi pale sijawahi kumsikia akisema tuache. Kwa hiyo picha haipo. Hakuna kitu kinachoonyesha makovu yale isipokuwa mgongo wenyewe.

Daktari alimweleza kweli kwamba kovu la kuungua halifutiki kwa kusagwa, kwamba linaweza hata kuvimba zaidi au kuacha weusi, na kwamba atajaribu kwanza sehemu ndogo. Shangazi alijibu, "Wewe saga tu. Sihitaji lipendeze." Maneno hayo yalinikaa kichwani, lakini siku ile sikuyaelewa.

Walirudi tarehe 11 kwa ajili ya jaribio. Sista alimpaka binti dawa ya ganzi chini ya bega, akafunika na karatasi ya plastiki, akatoka. Dawa hiyo huchukua nusu saa kushika, na mimi huachwa na mgonjwa ili asijikune. Shangazi alikaa nasi, anatusimulia habari za jirani yake mwenye meno ya bandia, mpaka simu yake ilipoita. Akatoka nje ya mlango.

Binti alikuwa amelala kifudifudi. Hakuinua kichwa. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei ya kitu dukani:

"Dada, hiyo mashine inauma kushinda pasi?"

Kabla sijamjibu nilimsikia Shangazi koridoni, anaongea na simu huku anacheka. Alisema, "Wifi akiuliza, ni alama za matibabu. Itakuwa kesi ya kliniki, si yangu. Mgongo ukishasagwa nani atajua ulikuwaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hahitaji lipendeze.

Mlango ulifunguka. Alitutazama, kwanza mimi, kisha mtoto.

"Mnaongea nini?"

Nilisema, "Anauliza kama mashine inauma."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia kuna ganzi."

Alicheka tena. "Ganzi ya nini huyu? Ana ngozi ya kiatu." Akampiga kofi dogo la utani begani, pale pasipopakwa dawa, na nikaona vidole vya miguu vya mtoto vikijikunja.

Daktari alisaga sehemu ndogo, kama ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Binti hakusogea kabisa. Daktari akamsifu kwamba ni jasiri kuliko wanaume wengi waliolala pale.

Siku hiyohiyo jioni, wagonjwa wakiwa wamekwisha, nilimfuata Daktari ofisini. Nilimweleza kuhusu pasi na kuhusu simu. Alikuwa anaosha mikono, na aliendelea kuiosha muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema, "Binti yangu, sisi tunatibu ngozi. Hatutibu nyumba za watu." Nikamuuliza, je, ikisemwa kwamba ni sisi tuliomharibu? Akanifokea, jambo ambalo si tabia yake. Akasema kama kazi imenishinda niseme, wapo wengi wanaoitaka. Sista alinikuta nalia kwenye chumba cha mashuka. Alinifuta uso kwa taulo la kliniki, akasema, "Unadhani mimi sikuona? Mwenzako nina watoto. Funga mdomo, mdogo wangu, utatuponza wote."

Nilifunga mdomo. Hilo naomba liandikwe pia.

Jana, tarehe 24, Shangazi alikuja peke yake kuthibitisha miadi. Jaribio halikuvimba, na Daktari ameshapanga kusaga mgongo wote kesho saa tatu asubuhi. Nilimwandikia kadi. Akauchukua mkono wangu, akaushika kama ndugu, akasema, "Wewe ndiye unayekaa nyuma ya karakana ya magodoro, si ndiyo? Na bibi mmoja ana mguu mbovu?"

Nilisema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

"Kaka yangu yuko polisi, kituo hiki hapa cha jirani. Alipita kule juzi, akamwona bibi anaanua nguo. Akanisikitikia: mzee yule peke yake mchana kutwa, hata mlango hafungi." Akaniachia mkono. "Mwambie awe anafunga mlango, mama. Dunia imeharibika."

Kisha akamgeukia mzee aliyekuwa kwenye benchi, akamtania kuhusu kofia yake, na watu wakacheka.

Kwa hiyo sikwenda kituo cha jirani. Nimekuja huku, na njiani nilibadilisha gari mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kubadilisha.

Leo asubuhi nilifanya kosa. Nilimpigia Shangazi simu nikamwambia kigurudumu cha mashine kimekatika, kwamba tutamjulisha kikipatikana kingine, pengine baada ya mwezi. Nilidhani nimepata akili. Hazikupita dakika nyingi simu ya Daktari ikaita ndani. Alitoka akaniuliza mbele ya wagonjwa, "Nani amesema mashine mbovu?" Nilisema labda nilichanganya na mteja mwingine. Akanitazama. Alimpigia Shangazi simu tena pale pale mezani kwangu, akamwomba radhi, na nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, tulivu kabisa: "Mwache, ni mtoto tu. Nitaongea naye mwenyewe kesho."

Baada ya hapo nikasema jino linaniuma, nikafunga kitambaa hiki shavuni, nikaomba ruhusa. Jino haliniumi.

Umeniuliza kama najua nyumba ya Shangazi. Siijui. Mtaa alioutaja kwetu nina shaka nao, maana nilimtajia duka kubwa lililoko pale na hakulijua. Nambari ya simu aliyotoa nimekuandikia pembeni, lakini nakusihi usiipige leo. Akishtuka hataleta mtoto, na hatutamwona tena. Mahali pekee ninapojua kwa hakika kwamba mgongo ule utakuwepo ni kitanda cha chumba cha pili cha kliniki yetu, kesho saa tatu. Kabla ya kusaga kuna ile nusu saa ya dawa ya ganzi. Dawa haibadilishi makovu, ila ikishapakwa, mashine inafuata. Mtu wenu akifika ndani ya nusu saa hiyo, ataona nilichokiona mimi. Akichelewa, atakuta mgongo umefungwa bandeji, damu na majimaji tu, na daktari mwenye cheti ukutani atakayesema ni kazi yake.

Umeniuliza pia kama niko tayari kusema haya mbele ya mtu mwingine. Siko tayari, afande. Nitayasema, lakini siko tayari.

Sasa jinsi ya kunipata. Msipige simu ya kliniki, kwa sababu nikiinuka hupokelewa na Daktari mwenyewe. Msipige yangu, maana kuanzia leo nitaizima. Msiende nyumbani, bibi hajui lolote, na nimempeleka kwa mama mdogo kwa kisingizio cha mguu wake. Atakayekuja kesho awe mwanamke, asivae sare, wala asishuke kwenye gari lenu. Aje mezani kwangu saa tatu na dakika chache, aulize bei ya kusaga kovu. Awe nalo kweli, kwa sababu Sista huomba kuliona. Nitakuwa nimefunga kitambaa hiki cha kijani shavuni kwa ajili ya jino. Nikiwa nimekifunga, binti yumo chumba cha pili, mlango wa kushoto, haufungwi kwa ufunguo. Nikiwa nimekivua, hawajaja, au wamekuja na kaka mtu. Basi mjumbe wenu aseme bei imemshinda, atoke, asubiri ng'ambo ya barabara. Akimkuta mtu mwingine kwenye meza yangu, asiulize bei wala asiniulizie mimi. Apite moja kwa moja mlango wa kushoto. Mimi mtanitafuta baadaye.

Niliyoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Sijaongeza kitu, nilichoacha ni majina tu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Tarehe 25, saa nane na nusu mchana

MAELEZO YA AFISA
Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, nimemsomea shahidi kwa sauti ya chini naye amekubali kuwa ni sahihi. Aliomba maji mara mbili. Kitambaa hakukivua muda wote. Nimemtoa kwa mlango wa nyuma. Faili linabaki kwenye droo yangu, na kaka anayetajwa hapo juu ninamfahamu kwa sura. Sitatuma mtu. Nitakwenda mwenyewe, na daktari wa serikali atakuwa ng'ambo ya barabara. Kovu la kuulizia bei ninalo.