Picha ya anga imeanza kuongea na jedwali

Jumamosi, Githongo. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kugonganisha meno, na mimi nina furaha mpaka naona haya.

Wacha niandike sasa hivi. Chai imepoa hapa kando. Mama amenuna kwa sababu nilimwahidi tungechuma kahawa pamoja leo, na sijagusa hata tawi moja. Ana haki ya kununa, lakini leo siwezi kujuta, nimejaribu nikashindwa.

Mambo yalianza na Wawira. Tulikaa chumba kimoja chuoni, na siku hizi anafundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Embu. Ana klabu ya anga. Wanatumiwa picha zilizopigwa na darubini kubwa za mbali, picha nne za kipande kilekile cha anga, zimepishana dakika chache tu. Nyota hazitoki mahali pake. Kazi ya wasichana ni kutafuta kidoa kinachosogea, kwa sababu hicho huenda ni asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua kama sisi. Wakikiona, wanaangalia kama tayari kimo kwenye jedwali la mawe yanayojulikana.

Sasa, picha zilikuwa kwenye programu moja na jedwali kwenye nyingine, na hizo mbili hazikuwa zinajuana hata kwa salamu. Wasichana walikuwa wananakili namba za mahali, namba ndefu ajabu, kutoka huku hadi kule. Mara ya mwisho tarakimu moja iliwaponyoka, wakaripoti jiwe ambalo watu walishalijua kitambo. Watu wa darubini wakairudisha ripoti. Wakaambiwa, kwa upole wa kuumiza, kwamba wakikosea hivyo tena picha zitapewa shule nyingine. Wawira alinipigia simu akilia, na Wawira si mtu wa kulia.

Ripoti mpya ilitakiwa leo jioni.

Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kutengeneza ile programu ya picha, baada ya kazi yangu ya kurekebisha kompyuta pale Meru mjini. Simu ya Wawira iliniuma. Nikajiambia hizi programu lazima ziongee, zitake zisitake. Ukibonyeza kidoa kwenye picha, ujumbe uende kwa jedwali, na jedwali lenyewe lionyeshe mstari wake. Ukichagua mstari, picha ijipeleke hapo. Mtu asinakili chochote.

Juzi zikaongea. Aki nilipiga kelele!

Halafu zikakataa kunyamaza. Picha inaliambia jedwali, jedwali linachagua mstari, kwa kuchagua linaiambia picha, picha inasogea, kwa kusogea inaliambia jedwali tena, na feni ya kompyuta inanguruma. Nilicheka peke yangu. Ni Mama na jirani yetu kabisa! Jirani akija kututembelea, Mama anamsindikiza hadi kwake. Wakifika, jirani anaona vibaya Mama arudi peke yake, anamsindikiza hadi kwetu. Wakifika kwetu, Mama naye anaona vibaya.

Basi nikazipa programu sheria ambayo sijawahi kuthubutu kuwapa wale wawili: ukisindikizwa, tulia. Programu ikisogea kwa sababu imeambiwa na mwenzake, inyamaze. Itume ujumbe pale tu mtu amebonyeza kwa mkono wake. Kelele ikaisha hapo hapo.

Leo asubuhi nikamtumia Wawira. Saa nane mchana akapiga simu, nasikia wasichana wamejaa nyuma yake. Wanabonyeza kidoa cha kwanza, mstari unawaka. Cha pili, unawaka. Wanashangilia kama wako uwanjani, na mimi huku nimesimama juu ya kitanda, mtu mzima na kazi yangu.

Kisha Wawira akasema, "Kendi, imekufa."

"Imekufaje?"

"Tumebonyeza kidoa, hakuna mstari. Kimya. Na muda unaisha, bana."

Nikamwambia abonyeze tena. Kimya. Nilijiona mjinga kuwapelekea wasichana kitu kibichi siku ya mwisho. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia warudi kwenye kunakili kwa mkono, na yale makosa yote yanayokuja nayo. Nikakumbuka kwamba programu yangu huandika kila ujumbe inaotuma na kila jibu inalopata, pembeni kabisa mahali ambapo hakuna mtu huangalia. Nikamwelekeza Wawira, nikamwambia anisomee.

Akasoma polepole. Ujumbe umetumwa. Umepokelewa. Jibu: hakuna kitu kinachojulikana mahali hapo.

Akasoma tena bila mimi kumwambia.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa imejibu.

Nikamuuliza kama hicho kidoa kinasogea. Kinasogea, akasema, kwenye picha zote nne, kwa njia iliyonyooka. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Halafu nikasikia viti vikiburutwa na Wawira akiwaita wasichana wote waje waone, hata wale waliokuwa wamekata tamaa na kutoka nje.

Ripoti imeenda. Sijidanganyi kwamba lazima ni jiwe jipya, huenda ni uchafu wa kamera, huenda ni jiwe lililosahaulika kwenye jedwali letu, na watu wa darubini wataangalia wenyewe. Lakini safari hii namba zote zimefika jinsi zilivyotoka, na hakuna atakayewarudishia wasichana ripoti kwa ajili ya tarakimu.

Kitu kimoja nimeshabadilisha jioni hii. Jibu kama lile halifai kufichwa pembeni, linatakiwa litokee juu ya picha, maandishi makubwa. Nilimuuliza Wawira niandike nini, maana "hakuna" inaonekana kama kosa. Kabla hajajibu, msichana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwambie aandike BADO!"

Nimeandika hivyo hivyo.