Mrudishie Neema Biblia Yake

Eliya,

Nani alikutuma kumnyang'anya mtoto Biblia mbele ya kanisa zima? Mama yako kanieleza yote. Neema kakwama kwenye neno, na wewe mwalimu wake wa Jumapili ukamrudisha kwenye benchi. Sasa hataki hata kukanyaga kanisani. Halafu unaniandikia kuniuliza watoto watasomaje vizuri kwa sauti! Huna haya.

Sisi huku Gulwe wazima. Mtama umekubali. Babu yako bado anakohoa na bado mbishi.

Sasa sikia. Shule sikumaliza, lakini kusoma nilifundishwa. Katekista wetu alisoma yeye kwanza, kisha sisi pamoja naye, tukarudia mpaka mdomo ukazoea. Siku moja nikasoma habari ya kondoo aliyepotea kama mtu anayehesabu magunia. Akaniuliza taratibu, "Binti, juzi si ulipoteza mbuzi wa baba yako?"

"Ndiyo."

"Ulipompata, uliwaitaje majirani?"

Wenzangu wakacheka, maana kijiji kizima kilinisikia siku ile. Nikasoma tena. Nilipofika pale mchungaji anapowaita rafiki zake wafurahi, sauti ilitoka yenyewe, na bibi mmoja nyuma akapiga vigelegele.

Kitabu hakuninyang'anya. Umesikia?

Kesho nenda kwao Neema, umwombe radhi mbele ya mama yake. Kila siku soma naye habari ile ile iliyomkwamisha, sauti yako na yake pamoja. Jumapili asimame yeye, na wewe ukae kwenye benchi.

Bibi yako